Pikipiki Mpya Yenye Kasoro ya Kiwandani

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu wa jeshi na wa polisi mlioko makambini, vituoni na mipakani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa dogo, la mtu na mali yake. Tunazungumza juu ya askari aliyenunua pikipiki mpya kabisa, ikiwa bado na nailoni ya kiwanda juu ya kiti, kisha akagundua kwamba chombo hicho kilizaliwa na ugonjwa.

Jambo hili si dogo. Mshahara wa askari unajulikana, na pikipiki haipatikani kwa mshahara wa mwezi mmoja wala wa miezi sita. Wako miongoni mwenu waliotumikia Somalia chini ya Umoja wa Afrika, tangu vikosi vya kwanza vya Burundi vilipopelekwa huko mwezi Desemba 2007 hadi operesheni ya ATMIS ilipofikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2024, wakarudi na akiba waliyoilipia kwa jasho na wengine kwa damu. Wako wanaokopa, na mkopo ukakatwa kwenye mshahara mwezi hata mwezi. Pikipiki inaweza kusimama kwa ubovu, lakini makato hayasimami.

Hebu tuchukue mfano. Askari polisi mmoja, ambaye jamaa zake wanakaa Gitega, amehamishiwa Muyinga. Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya nchi yetu tangu mwaka 2019, na maduka ya huko yameongezeka. Muyinga, uliokuwa makao makuu ya mkoa wenye jina hilo mpaka mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 yalipouingiza katika mkoa wa Buhumuza, uko karibu na mpaka wa Kobero, mahali yanapopita malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam. Huenda basi pikipiki hiyo ilipita Muyinga ikiwa ndani ya kasha la mbao kabla ya kufika Gitega na kuuzwa kwa mtu anayefanya kazi Muyinga! Askari wetu analipa, anapewa funguo, stakabadhi na cheti cha dhamana, naye siku ya mapumziko yake inapokwisha anashika njia ya Karuzi.

Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba si tambarare. Kutoka Gitega barabara huteremka hadi mto Ruvubu, na baada ya daraja huanza tena kupanda na kujipinda milimani. Safari ya kwanza yapita salama. Safari ya pili, askari akiwa kwenye kona ya mteremko, gurudumu la nyuma linateleza kidogo ilhali barabara ni kavu. Anadhani ni mchanga. Anapofika Muyinga anatazama kipimio cha oili, naye anaona kwamba oili imepungua, ingawa pale chini pikipiki iliposimama hakuna hata tone.

Anaipeleka kwa fundi wa jirani. Fundi anatazama upande wa kushoto wa injini, mahali gia ndogo inapovuta mnyororo, anaona uchafu mweusi wenye mafuta, anacheka. "Afande, hiyo ni grisi ya mnyororo tu. Pikipiki mpya zote huwa hivyo." Askari anaongeza oili, anaendelea na kazi. Baada ya juma moja oili imepungua tena. Injini ndogo za namna hii huwa na oili ya lita moja hivi, si pipa. Ikipungua kwa theluthi, chuma huanza kusaga chuma.

Fundi wa pili ni mtu mzima, mwenye subira. Haanzi kwa kufungua kitu. Anaosha sehemu yote ile kwa petroli na brashi, anaiacha ikauke, kisha ananyunyiza poda, ile ya kupaka watoto wachanga, juu ya ganda la injini lililo safi. Anamwambia askari aendeshe kilomita kumi, apande mlima, arudi. Pikipiki inaporudi ikiwa ya moto, juu ya weupe wa poda pamejichora mstari mwembamba wa oili. Mstari haukutokea kwenye maungio wala kwenye gasketi. Umetokea katikati ya ubavu wa ganda lenyewe, mahali pasipo na ufa unaoonekana kwa macho.

Hiyo, ndugu wasikilizaji, ndiyo kasoro ya kiwandani. Ganda la injini husubiwa kwa alumini iliyoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu. Hewa ikinaswa humo, au chuma kikisinyaa vibaya wakati wa kupoa, hubaki viputo vidogo ndani ya ukuta wa ganda. Kwa nje ukuta ni mzima na unang'aa. Injini inapopata moto na kutetemeka, viputo hivyo hufungulia njia, na oili ikajipenyeza. Viwanda vyajua jambo hili, ndiyo maana hupima maganda kwa hewa ya mgandamizo, na mengine huyajaza utomvu maalumu ndani ya mtambo usio na hewa. Lakini katika maelfu ya maganda, moja laweza kumpita mkaguzi. Oili hutoka injini inapokuwa ya moto tu, ndiyo maana hapakuwa na tone pale iliposimama. Ilijificha chini ya grisi, ndiyo maana fundi wa kwanza alidanganyika. Na upepo wa mwendo uliirushia tairi la nyuma, ndiyo maana gurudumu liliteleza kwenye kona ya Ruvubu.

Sasa askari afanye nini?

Fundi wetu mwenye subira anayo gundi ya chuma. Anasema kwamba kwa robo saa anaweza kusugua mahali pale, kupaka gundi, na kesho askari akaenda kazini. Shauri hilo lavutia sana. Askari ana zamu, na petroli aliyoipanga foleni katika miaka hii ya uhaba iko ndani ya tangi tayari. Lakini akikubali, atakuwa ameufuta ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye duka ataona ganda limesuguliwa na kupakwa kitu, naye atasema kwa haki kabisa: hii imekwisha kuguswa. Gundi nayo ni ya kupaka juu ya jeraha. Siku itakayobanduka hakuna atakayemwambia mwendeshaji kwamba leo ndiyo siku.

Kuna kisa katika historia ya vita kinachofaa kusimuliwa hapa, maana kinawahusu askari. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi Desemba 1941, nyambizi zake zilikuwa na topido mpya iliyoitwa Mark 14. Manahodha wakarudi kutoka vitani wakisema kwamba topido zilipita chini ya meli za adui, au ziligonga bila kulipuka. Wakubwa wa idara ya silaha walijibu kwamba topido ni nzuri, ila manahodha hawajui kulenga. Mwezi Juni 1942, huko Australia Magharibi, Admirali Lockwood aliamuru topido zifyatuliwe kwenye wavu wa wavuvi, na matundu ya wavu yakaonyesha kwamba zilikuwa zikipita zaidi ya mita tatu chini ya kina zilichowekewa. Kasoro hiyo ikarekebishwa, kumbe nyuma yake zilikuwapo nyingine. Mwezi Julai 1943 nyambizi iitwayo Tinosa iliikuta meli kubwa ya mafuta ya Wajapani, ikaisimamisha, kisha ikaifyatulia topido moja baada ya nyingine. Nyingi ziligonga ubavu na kunyamaza. Alipokwisha kufyatua topido 15, nahodha alibakiwa na moja. Mtu mwenye hasira angeifyatua na hiyo. Yeye aliizuia, akaiacha meli ya adui iende zake, akairudisha topido ile Pearl Harbor ikachunguzwe. Majaribio yaliyofuata, ya kuzigonga topido kwenye majabali na kuziangusha juu ya bamba la chuma, yalithibitisha kwamba topido iliyogonga ubavu wa meli sawasawa, kwa pigo kamili, ndiyo iliyoshindwa, kwa sababu pini ya kulipulia ilipondeka kabla ya kufanya kazi yake. Wapigaji waliolaumiwa miezi mingi kwa kulenga vibaya walikuwa wakilaumiwa kwa kulenga vizuri.

Askari wetu wa Muyinga naye amebakiwa na topido moja, nayo ni lile ganda la injini lenye mstari wa oili juu ya poda. Asiliguse. Alipige picha kwa simu, pamoja na tarakimu za kilomita zilizosomeka siku hiyo, namba ya injini na namba ya chasi. Amwombe fundi aandike kwa mkono wake alichofanya na alichokiona, aweke tarehe na sahihi. Kisha pikipiki isimame. Kuiendesha hadi Gitega kwa tairi lenye oili, kuteremka tena kuelekea Ruvubu, ni kuhatarisha roho yake na ya mpita njia. Na injini ikikwama njiani, mwenye duka atapata hoja kwamba mnunuzi aliendesha huku akijua.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo hatukuweza kuwazungumzia raia wengine kama tunavyowazungumzia ninyi. Askari huyo ana sare. Ana marafiki wenye bunduki. Lipo pia gari la kikosi linalokwenda Gitega siku ya Alhamisi, na nafasi ipo nyuma. Anaweza kuitupia pikipiki humo, akafika dukani akiwa na kofia yake na wenzake wawili, akasimama mbele ya mwenye duka bila kusema neno kubwa. Mwenye duka atamjua. Huenda siku hiyo hiyo akampa pikipiki nyingine.

Je, amepata haki yake? Wengi watasema ndiyo, maana haki ilikuwa yake tangu mwanzo. Sisi hatukubaliani nao. Siku ile mwenye duka hakupima kasoro, alipima hofu yake. Mwalimu wa shule aliyenunua pikipiki ya aina hiyo katika duka hilo hilo, mwenye kasoro hiyo hiyo, atakuja kesho na chaki mfukoni, naye ataambiwa kwamba haijui pikipiki. Aidha, mwenye duka akiwa mjanja, atakwenda kwa mkuu wa kikosi na kulalamika kwamba alitishwa, na kutoka hapo shauri halitakuwa tena juu ya ganda la injini. Litakuwa juu ya askari. Na gari la kikosi halikununuliwa kwa ajili ya kubeba mizigo ya mtu, hata kama nafasi ipo nyuma. Hilo kila dereva wa jeshi alijua, ingawa si kila dereva hulitii.

Tuseme pia, kwa haki, kwamba mwenye duka si lazima awe mwizi. Hakulisubu yeye lile ganda. Alipokea kasha, akaunganisha usukani, gurudumu la mbele na betri, akatia oili, akauza. Kama kasoro ingekuwa nati ya gurudumu iliyolegea au waya wa breki uliopita mahali pasipo pake, hapo tungemtazama yeye na fundi wake, kwa kuwa kuunganisha ni kazi yao. Na kama askari angekuwa amepuuza kubadili oili baada ya kilomita za mwanzo, au amenunua petroli ya dumu yenye maji kando ya barabara, basi angejitazama mwenyewe, maana petroli chafu humfanya mtu aapie kwamba injini ina kasoro ilhali ni maji tu. Kwa hiyo ni muhimu kujua kasoro iko wapi kabla ya kumkabili mtu. Ganda lililosubiwa vibaya ni la kiwanda. Na mwenye duka, akiwa na ushahidi mzuri mkononi, naye anaweza kumdai aliyemuuzia.

Sheria yasemaje? Sheria yetu ya mikataba inatokana na dikri ya tarehe 30 Julai 1888 ya enzi za ukoloni, nayo imefuata njia ya sheria za Ufaransa na Ubelgiji juu ya kasoro zilizofichika. Muuzaji huwajibika kwa kasoro ambayo mnunuzi hakuweza kuiona aliponunua, na inayokifanya kitu kisifae kwa kazi iliyokusudiwa. Huwajibika hata kama yeye mwenyewe hakuijua. Mnunuzi ana hiari mbili: kukirudisha kitu na kurudishiwa fedha zake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Ikithibitika kwamba muuzaji aliijua kasoro akanyamaza, atalipa na hasara iliyotokea. Kasoro iliyokuwa wazi, kama tangi lililobonyea, haimo katika ulinzi huo. Aliyeiona akanunua ameikubali. Na jambo moja wengi hulisahau: madai hayo yataka kupelekwa mapema. Mtu anayekaa na kasoro mwaka mzima akiongeza oili kila juma hujidhoofisha mwenyewe. Jirani zetu nao wamelitilia mkazo suala hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili.

Hata viwanda vikubwa havioni aibu kusimama. Mwezi Mei 2022 Harley-Davidson ya Marekani, yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja katika kazi hiyo, ilisimamisha uundaji na upelekaji wa karibu pikipiki zake zote kwa muda wa wiki mbili, kwa sababu ya kipuri kimoja tu kilichotoka kwa mtu wa nje na ambacho kilitiliwa shaka kwamba hakikutimiza kanuni. Muuzaji wa Gitega akiambiwa kwamba pikipiki yake moja ina kasoro hatukanwi. Anapewa habari ambayo hata kiwanda kingetaka kuipata.

Neno moja juu ya vyombo vya serikali, maana si kila pikipiki mnayoendesha ni mali yenu. Askari anayepewa pikipiki mpya ya doria na kuona oili inapungua, mara nyingi hunyamaza. Anaogopa kuambiwa kwamba ameiharibu. Anaongeza oili kwa fedha yake mwenyewe, au anaiacha ipungue mpaka injini ife mikononi mwa mwenzake wa zamu nyingine. Makosa haya hayako kwa askari peke yake. Mkuu ambaye jibu lake la kwanza kwa kila taarifa ya ubovu ni kumtafuta wa kuadhibiwa, ameifunga njia ya habari. Kama vyombo kumi vilinunuliwa kwa mkupuo mmoja na kimoja kinavuja, mkuu mwenye busara atataka vingine tisa vioshwe na kunyunyiziwa poda siku hiyo hiyo. Poda si ghali.

Turudi Muyinga. Askari wetu aandike barua kwa mwenye duka, fupi, isiyo na matusi wala cheo: alinunua lini, aliona nini, kwa kilomita ngapi, fundi alisema nini, na anachotaka ni kipi kati ya ganda jipya kwa gharama ya muuzaji, pikipiki nyingine, au fedha zake. Aiandike nakala mbili, na ile inayobaki kwake igongwe muhuri au itiwe sahihi na aliyeipokea. Amwombe mwenye duka amtume fundi wake Muyinga aitazame pikipiki ilipo, au achukue jukumu la kuisafirisha. Akikataa, wapo Bashingantahe, ambao tangu zamani hupiga fimbo ya intahe chini na kuwasikiliza wawili walioketi sawa mbele yao, mwenye mali na asiye na mali. Wasipopatana hapo, mahakama ya tarafa iko wazi, na karatasi alizozihifadhi ndizo zitakazosema kwa niaba yake.

Barua hiyo aipeleke mwenyewe, siku ya mapumziko yake, akiwa amevaa nguo za kiraia na amelipa nauli yake kama abiria wengine. Pikipiki ibaki Muyinga chini ya banda, imefunikwa, na poda yake bado iko ubavuni.